Divai Nyekundu ya Kosheri: Anza na Mmiminaji, Malizia na Mchuzi

Ukiingia duka la kawaida kutafuta divai nyekundu, muuzaji atakuuliza swali moja tu: unainywa na nyama gani? Kwa divai ya kosheri, yaani inayofuata sheria za chakula za dini ya Kiyahudi, swali hilo lina zamu yake, na si la kwanza. Kabla yake kuna nani atakayeifungua chupa, jikoni kunapikwa nyama au maziwa, na divai itanywewa kabla ya chakula au pamoja nacho. Ukishayajibu hayo, mchuzi wenyewe utakuelekeza.

Nawaandikia hasa watu wawili. Wa kwanza ni mgeni aliyealikwa chakula cha Ijumaa jioni na rafiki au mwajiri Myahudi, iwe Nairobi, London au New York. Wa pili ni mhudumu au mpishi wa hoteli, hasa kule Dubai na Abu Dhabi, ambako tangu Emirates na Israel watie saini makubaliano yao mwaka 2020 hoteli zimekuwa zikiandaa chakula cha kosheri, na miongoni mwa wanaobeba sahani hizo wamo vijana wetu wa Kenya na Uganda. Kama wewe mwenyewe hunywi, juisi ya zabibu ina nafasi yake pia, nitaifikia.

Hatua ya 1: Tafuta muhuri, halafu soma mwaka

Zabibu hazina tatizo lolote. Kinachoifanya divai iwe kosheri au isiwe ni mikono iliyoishika na vitu vilivyotiwa ndani. Tangu zabibu zinapopondwa hadi chupa inapozibwa, kazi hufanywa na Wayahudi wanaoishika Sabato, chini ya jicho la msimamizi. Viwanda vingi duniani husafisha divai kwa jelatini ya wanyama au utando wa vibofu vya samaki. Kwenye kosheri hutumika udongo wa bentonaiti au ute wa yai. Kwa hiyo divai ya Dodoma isiyo na muhuri, hata iwe tamu namna gani, haigeuki kosheri kwa sababu tu zabibu zimelimwa na watu safi.

Muhuri huwa mdogo, mara nyingi kwenye lebo ya nyuma. Unaoenea zaidi ni wa shirika la Orthodox Union la New York: herufi U ndani ya duara. Wapo OK, ambao ni K ndani ya duara, Star-K, ambao ni K ndani ya nyota, na KLBD wa mahakama ya marabi ya London. Herufi K iliyosimama peke yake isikutulize, kwa sababu haina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuichapa. Ukiona P kando ya muhuri, maana yake divai inafaa pia kwa Pasaka ya Kiyahudi.

Halafu soma mwaka wa mavuno. Katika Israel ardhi hupumzishwa kila mwaka wa saba, na mazao ya mwaka huo yana masharti yake, ambayo Wayahudi wenyewe hawakubaliani jinsi ya kuyatimiza. Mwaka wa mwisho wa mapumziko ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. Kama unanunua zawadi na hujui msimamo wa familia, iache rafuni chupa ya Israel ya mavuno ya 2022. Chukua ya 2021 au 2023. Divai ya Ufaransa, California au Afrika Kusini haihusiki na sharti hilo, nunua mwaka wowote.

Hatua ya 2: Jua nani atamimina

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa, na hapa ndipo mhudumu mzuri huonekana.

Kama vile Mwislamu anavyouliza nani kachinja kabla ya kuuliza bei ya nyama, Myahudi mshika dini huuliza nani kaishika divai. Sheria ni ya kale. Zamani divai ilimwagwa kwa ajili ya miungu, na marabi wakaipiga marufuku divai yoyote iliyopitia mikononi mwa asiye Myahudi. Mpaka leo, divai ya kosheri ya kawaida ikifunguliwa na kumiminwa na mhudumu asiye Myahudi, mshika dini hainywi tena, hata kama mhudumu kanawa mikono mara saba. Usilichukulie kama dharau. Sharti hili ni la vinywaji vya zabibu peke yake, ikiwemo juisi yake. Bia na wiski hazimo.

Njia ya kutokea ni divai iliyopashwa moto, na kwenye lebo huandikwa *Mevushal*. Hiyo anaweza kuifungua na kuimimina yeyote, ikabaki kosheri mpaka tone la mwisho. Ndiyo maana mikahawa na harusi za Kiyahudi karibu zote huitumia.

Utasikia watu wakisema divai ya mevushal ina ladha ya kuungua. Enzi za kuchemsha kweli kweli ilikuwa hivyo. Siku hizi hupitishwa kwenye mabomba yenye joto la zaidi ya nyuzi 80 kwa sekunde chache, kisha hupozwa papo hapo. Viwanda vingine hupasha maji ya zabibu hata kabla hayajaanza kuchachuka. Divai ya kunywa mwaka huu au ujao haipotezi kitu cha kukulilia. Divai ya kulazwa miaka 10 ni habari nyingine, na watengenezaji wengi wa chupa za bei ya juu hawaipashi. Kampuni ya Herzog ya California hutengeneza nyingi za mevushal, na ni mahali salama pa kuanzia. Jihadhari na jambo moja: chupa ya jina lile lile huweza kuuzwa bila kupashwa Israel, na ikiwa imepashwa Marekani. Soma lebo ya chupa uliyoishika, si ya picha ya mtandaoni.

Kwa mhudumu, mambo huenda hivi. Meza ina watu 10, divai ni mevushal: onyesha lebo, zungusha kizibuo, mimina kama siku zote. Divai si mevushal: weka chupa mezani ikiwa imezibwa, lebo ikimtazama mwenyeji, kizibuo kando yake, kisha rudi nyuma. Atafungua mwenyewe, atamimina mwenyewe. Ukileta sahani ya nyama na chupa iliyo wazi imekuziba njia, usiisogeze. Sema tu, "Samahani mzee, naomba uipishe chupa," naye ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 3: Uliza jiko ni la nyama au la maziwa

Nyama na maziwa havikai meza moja kwenye kosheri. Divai yenyewe haiegemei upande wowote, inakubalika pote pawili. Lakini sheria hiyo hubadilisha chakula, na chakula kikibadilika divai nayo inabadilika.

Kwenye mlo wa nyama hutakuta mchuzi wa siagi wala krimu, na jibini haitaletwa mwishoni. Mafuta yatatoka kwenye nyama yenyewe, kwenye mafuta ya kuku au ya zeituni. Ushauri mwingi wa divai unaosomwa mtandaoni umejengwa juu ya siagi na jibini, kwa hiyo nusu yake uweke kando.

Jambo la pili ni ng'ombe mwenyewe. Sura ya 32 ya kitabu cha Mwanzo inasema Wana wa Israeli hawali mshipa wa paja, kwa sababu ya Yakobo aliyeteguka alipokuwa akishindana usiku. Kuutoa mshipa huo ni kazi ya fundi na inachukua muda, basi nje ya Israel wachinjaji wengi wa kosheri huuza sehemu ya nyuma kwa wateja wengine. Steki laini ya fileti haitakuwepo. Kitakachokuja ni shingo, bega, mbavu na kidari: nyama iliyofanya kazi, yenye mafuta, inayopikwa saa nyingi. Nyama ya namna hiyo inaidai divai yenye uchachu wa kutosha kuyakata mafuta.

La tatu ni chumvi. Nyama ya kosheri hulowekwa nusu saa, ikapakwa chumvi kwa saa nzima, ikasuuzwa, yote hayo ili damu itoke. Inafika jikoni na chumvi yake. Chumvi hutuliza ule ukakasi wa divai nyekundu unaokausha ulimi, ambao wataalamu huuita tanini. Ndiyo maana divai kali ya zabibu za Cabernet Sauvignon, ambayo ukiionja peke yake inakukunja uso, hulainika ukiinywa na mbavu za kosheri. Na wewe mpishi, onja kwanza kabla ya kuongeza chumvi.

Mlo wa maziwa ni mwepesi: pasta ya jibini, shakshuka (mayai yaliyopikwa kwenye mchuzi wa nyanya) iliyotiwa jibini, mabiringani ya kuoka. Divai ya zabibu za Pinot Noir au Grenache inatosha.

Hatua ya 4: Hesabu vikombe vinavyotangulia chakula

Ijumaa jioni, kabla mkate haujamegwa, mwenyeji hunyanyua kikombe na kusoma baraka iitwayo kidushi. Divai hiyo inashuka kwenye tumbo tupu. Nyumba nyingi zina chupa ya pembeni kwa kazi hiyo tu, divai tamu ya zabibu za Concord, kama Manischewitz au Kedem. Ilizaliwa New York, ambako wahamiaji Wayahudi walikuta zabibu hizo za Kimarekani zenye harufu kali, zisizonyweka vizuri bila sukari. Usiicheke, maana kwa watu wengi ndiyo ladha ya nyumbani kwa babu. Ila usiilete kwa ajili ya nyama, kwa kuwa karibu na kidari itaonekana kama sharubati. Kwa Pasaka angalia zaidi: Manischewitz ya kawaida hutiwa sukari ya mahindi, na Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki hawali mahindi wakati wa Pasaka, kwa hiyo hutengenezwa chupa zake maalumu.

Jioni ya Pasaka ndiyo mtihani wenyewe. Kila mtu mzima hunywa vikombe vinne. Kikombe cha kwanza ni cha kidushi. Cha pili hunywewa baada ya kusimulia habari za kutoka Misri, na simulizi hilo laweza kuchukua saa nzima au mbili. Chakula huja baadaye. Cha tatu hufuata baada ya sala ya shukrani, cha nne baada ya zaburi. Vikombe viwili vimeshaingia tumboni kabla ya supu, halafu wewe umeleta Syrah yenye kilevi cha asilimia 15! Kwa vikombe vinne chagua divai nyekundu ya asilimia 11 hadi 12.5, yenye ukakasi mdogo. Ile nzito ifunguliwe kwenye chakula kwa anayeitaka. Nyekundu hupendelewa usiku huo kuliko nyeupe.

Kuhusu wingi: kipimo kilichoenea ni mililita 86 kwa kikombe, na wapo wanaokwenda hadi 150. Kwa kipimo kidogo, chupa moja ya mililita 750 inawatosha watu wawili kwa vikombe vinne, na hapo hujahesabu ya kunywea chakula. Watoto, wagonjwa na wasiokunywa kilevi hutumia juisi ya zabibu ya kosheri, na juisi hiyo inafaa kwa baraka. Ukileta chupa mbili za juisi nzuri pamoja na divai, mama mwenye nyumba atakukumbuka.

Hatua ya 5: Sasa sikiliza mchuzi

Watu husema "nyama nyekundu, divai nyekundu" wakaishia hapo. Nyama ni moja, lakini mchuzi wake unaweza kuidai divai tofauti kabisa.

Chukua kidari, mfalme wa meza ya Kiyahudi ya Ulaya Mashariki na Marekani. Nyumba moja hukipika kwa vitunguu vingi, nyanya na sukari ya kahawia, mara nyingine na plamu kavu, mpaka mchuzi unakuwa mzito, mtamu na mchachu kwa pamoja. Nyumba ya pili hukipika kwa kitunguu saumu, karoti, majani ya thaimu na divai yenyewe, bila sukari. Kwa kidari cha kwanza, divai kavu yenye ukakasi mwingi itageuka chungu na nyembamba mdomoni, kwa sababu utamu wa mchuzi unaifunika ladha ya tunda. Leta Merlot iliyoiva vizuri, au Zinfandel ya California. Kwa kidari cha pili, leta Cabernet Sauvignon na usiogope. Za Galilaya ya Juu na za Miinuko ya Golan zina sifa nzuri, maana kule juu usiku ni baridi na zabibu hubaki na uchachu. Kampuni ya Golan Heights, iliyoanzishwa mwaka 1983 na inayouza kwa jina la Yarden, ndiyo iliyowafanya wanywaji wa nje waanze kuitazama divai ya Israel kwa heshima. Golan ni eneo lililotwaliwa kutoka Syria mwaka 1967, na wapo wanunuzi wanaolitazama hilo pia. Kama hutaki kugusa mjadala huo, Barons Edmond & Benjamin de Rothschild wana kosheri ya Haut-Médoc, na Capçanes ya Hispania hutoa Peraj Ha'abib, divai iliyoanza mwaka 1995 kwa ombi la Wayahudi wa Barcelona.

Jumamosi mchana kuna cholenti, ambayo Wayahudi wa Mashariki huiita hamini: maharage, shayiri, viazi na nyama, vimewekwa motoni Ijumaa kabla jua halijazama na kuachwa usiku kucha, kwa sababu Sabato haipikwi. Ukifunua sufuria mchana ule, maharage yamenyonya mafuta yote, viazi vimekuwa rangi ya chai, mayai yaliyozamishwa humo yamekuwa kahawia mpaka kiini. Wengi huleta Cabernet nzito hapo. Mimi siafiki. Chakula chenyewe ni kizito cha kukulaza, ukikiongezea divai nzito utasinzia mezani. Carignan inafaa zaidi: ina uchachu, haina makuu, na ni zabibu iliyolimwa Israel kwa wingi tangu enzi za Carmel, kampuni iliyoanzishwa na Baron Edmond de Rothschild mwishoni mwa karne ya 19. Recanati hutengeneza moja nzuri.

Kuku wa kuoka: Pinot Noir. Mwanakondoo: Syrah. Mishikaki yenye bizari ya pilau kwenye makaa: Malbec au Syrah. Samaki wa kusaga wa mtindo wa Poland hahitaji divai nyekundu kabisa, maana divai nyekundu pamoja na samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Samaki wa mtindo wa Afrika Kaskazini aliyepikwa kwa nyanya na pilipili, anayeitwa hraime, huvumilia Grenache iliyopozwa kidogo.

Na kama uko kwenye jiko la kosheri ukaombwa uwapikie wageni chakula cha kwetu? Hilo hutokea, Nairobi yenye sinagogi yake na hata Mbale, Uganda, waliko Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Biriani ya nyama itabidi iachane na mtindi, na pilau iachane na samli, kwa kuwa vyote ni maziwa. Tui la nazi halina shida. Kwa pilau ya nyama, mdalasini, karafuu na iliki hukuza ladha ya kilevi, na pilipili huigeuza kuwa moto kooni. Epuka chochote kinachozidi asilimia 13.5, Grenache au Merlot nyepesi itakaa vizuri na kachumbari. Kwa mchuzi wa nazi ningeacha nyekundu nikachukua nyeupe, lakini akishikilia nyekundu, mpe Pinot Noir.

Kwa walioko Afrika Mashariki, divai ya kosheri ya karibu zaidi hutoka Afrika Kusini. Kleine Draken ni ya Paarl na bei yake haitishi.

Hatua ya 6: Ipoze

Maelezo ya "joto la chumba" yaliandikwa kwa vyumba vya mawe vya Ulaya, vya nyuzi 16 hadi 18, si kwa sebule ya Mombasa saa nane mchana. Divai nyekundu ikiwa na nyuzi 28, kilevi kinapanda puani na tunda linapotea. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuileta mezani. Ile nyepesi iache zaidi kidogo.

Hatua ya 7: Ifikishe bila kuleta tabu

Tuma ujumbe mapema, siku mbili tatu kabla: "Shalom mama, ningependa kuleta divai nyekundu Ijumaa. Mnapendelea mevushal? Na kuna muhuri fulani mnaoutumia?" Swali hilo halimuudhi mtu. Linaonyesha umefikiri.

Fika kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato ikishaingia kubeba vitu barabarani kuna masharti yake. Chupa iwe imezibwa na muhuri wake haujaguswa. Kizibo cha gome ni salama kuliko kifuniko cha kuzungusha. Wapo wasiokata pete ya kifuniko hicho siku ya Sabato, kwa hiyo ukileta cha namna hiyo mkabidhi mwenyeji mapema aifungue kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Chupa mkabidhi mkononi, usiende jikoni kutafuta kizibuo mwenyewe. Asipoifungua jioni hiyo usinune: pengine divai ya mlo huo alishaipanga, na yako inaingia kabatini.

Divai ikibaki, mwache mwenye nyumba aizibe. Kwenye friji itakaa siku tatu hivi bila kuharibika, na mwisho wake mzuri ni sufuria ya kidari. Ila divai ya kupikia nayo lazima iwe kosheri. Mpishi anayekopa nusu kikombe cha divai ya baa ili atie kwenye mchuzi hajaharibu mchuzi tu. Sufuria, mwiko na sahani vyote vitasubiri uamuzi wa rabi.